Ng'ombe wa Shangazi Mwamvua

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema alifagia chumba chake, akajaza vitabu kwenye boksi la sabuni, akaniletea barazani hapa Mbwawa, Kibaha. Akasema, "Bibi, hivi nimeshavimaliza. Mpe yule mama wa bagia afungie." Rehema ni mtoto mwenye akili, nalisema mbele ya watu na sioni haya; shuleni kwao wanamjua hata walimu wasiomfundisha. Lakini siku hiyo nilimtazama kama mtu aliyeniambia, Bibi, wewe nimeshakuona, sasa nenda zako.

Lile boksi nililiweka jikoni siku tatu nne, moshi wa mkaa ukaliingia mpaka kwenye vitabu. Nikachukua kitabu kimoja, nikakifungua katikati, nikakinusa. Karatasi na masizi. Pale pale nikawa Kibuta, kwenye chumba cha bibi yangu mzaa baba, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, na shangazi Mwamvua amenitegea sikio.

Sikusoma sana. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akatafuta kwangu maneno makubwa. Shule nilianza mkono umeshapita sikio zamani, nikafika darasa la pili, nikavunja ungo, basi. Wa rika langu mnajua kilichofuata. Kwa sisi wa upande ule wa Kisarawe, msichana akivunja ungo alikuwa mwali, na mwali aliwekwa ndani. Hukai ndani siku mbili tatu ukatoka. Mpunga ulipandwa nikiwa ndani, ukavunwa nikiwa ndani. Mwanamume asikuone. Usicheke kwa sauti, usiongee kwa sauti, ukitaka maji unanong'ona. Ukitoka uani kujisaidia unafunikwa kaniki kichwani kama mzigo wa mkaa. Kazi yako kula, kulala, na kufundwa. Nilinenepa mpaka bangili zikanibana.

Mimi sikuwa mtoto wa kukaa. Nilikuwa wa kupanda miembe na kupigana na kaka zangu. Siku za mwanzo nilihesabu fito za ukutani, nilipozimaliza nikahesabu mafundo ya kamba zilizozifunga. Bibi alikuwa akinitazama anatikisa kichwa. Alijua nitapata wazimu.

Ndipo mjomba akaleta kitabu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa kibarua wa reli pale Soga, anapiga nyundo kwenye mataruma na kufyeka nyasi. Akakiokota kitabu kando ya njia ya treni, kimerushwa dirishani au kimeponyoka mikononi mwa mtu, nani anajua. Hakikuwa na jalada. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa mweusi kwa masizi. Mjomba hakujua kusoma, akasema moyoni, yupo mtoto wa dada yangu amekaa tu. Akampa bibi mlangoni, kwa sababu yeye haruhusiwi kuniona, akaenda zake. Ni zawadi ile moja tu naikumbuka kutoka kwake, na inanitosha.

Kilikuwa kitabu chembamba cha Kiswahili. Kinasema habari za mama mjane, hana jina, ana ng'ombe mmoja. Asubuhi anaamka, ng'ombe hayupo zizini. Anachukua fimbo, anaanza kumtafuta. Anapita vijiji, kimoja baada ya kingine. Penye mto anamsaidia mwanamke kutwika mtungi. Penye mlima wa udongo mwekundu anamlaza mtoto wa watu aliyekuwa akilia. Penye shamba la mtama anafukuza ndege na bibi mmoja kipofu. Kila mahali anauliza, mmemwona ng'ombe wangu? Hakuna aliyemwona. Mwisho anachoka, anarudi nyumbani mikono mitupu, anafika mlangoni, na ng'ombe amesimama pale, anamtazama. Kimekwisha.

Nilikisoma kwa kidole, neno na neno. Chumba kilikuwa na giza, ila juu ya ukuta palikuwa na tundu udongo ulipobomoka, na jua likifika mahali pake linashusha mstari wa mwanga. Nilikuwa nahama na ule mstari. Unaanza kwenye mtungi, unapita kitandani, unaishia mlangoni, na mimi nyuma yake na kitabu changu kama kuku anayefuata mtama. Nilipofika mwisho nilisikitika kidogo. Nikasema, kumbe ndiyo hivyo tu, ng'ombe alirudi mwenyewe. Nikakiweka chini ya mkeka.

Shangazi Mwamvua ndiye aliyekiona. Huyu alikuwa dada yake baba, binti wa bibi, mjane, anakaa nyumba ya pili. Mwanamke mrefu, uso mkavu, sauti ya kuita watu waliovuka bonde. Shughuli ya mwali ilikuwa mikononi mwake, na hata baba alikuwa akimwogopa. Aliingia siku moja kuangalia kama nimekula, akaona ncha ya karatasi, akaivuta kwa vidole viwili kama anavuta mkia wa panya.

Kwa wakati ule watu walikuwa na hofu moja juu ya msichana anayejua kusoma: ataandikiana na wanaume. Hawakuogopa hesabu, hawakuogopa kushona, waliogopa barua. Shangazi akamwita mama yake.

"Mama, mwali ana karatasi ndani."

Bibi akasema ni kitabu, kakileta mjomba wake. Shangazi akasema kitabu ni barua nyingi zilizoshonwa pamoja. Bibi akamjibu kuwa mimi nimekisoma, nimekimaliza, hakina neno baya. Hapo ndipo alipoharibu.

"Kama amekimaliza anakiweka cha nini? Nipe nikawashie jiko."

Kabla ya hapo sikujua kama nakipenda. Lakini nilipokiona mkononi mwake, na mkono ule unaelekea jikoni, nikamwona yule mama na fimbo yake anaingia motoni, na mimi nabaki na fito za ukutani. Nikalia. Kwa kunong'ona, maana hata kulia kuna sheria.

Bibi hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Akasema, "Mwalimu wa chuo anahitimu msahafu kila Ramadhani. Mbona sijakusikia ukimwambia aufunike, ameshamaliza?"

"Mama, hiki ni kitabu cha ng'ombe. Usikifananishe."

"Sifananishi. Nasema kusoma."

Shangazi akasimama, kitabu mkononi. Kisha akatoa hukumu. Nisome mbele yake, asikie mwenyewe. Lakini yeye si mjinga, alisema. Naweza kumtungia maneno papo hapo, yeye atajuaje? Basi nitasoma leo, nitasoma kesho, nitasoma na kesho kutwa. Kama ni maandishi, yatasema vile vile. Kama ni uongo wangu, utapindapinda, kwa sababu uongo haukumbukwi. Siku neno moja litakapobadilika, kitabu kinaingia jikoni.

Nawaomba msimcheke. Hajawahi kushika kitabu maishani mwake, na njia ile aliyoibuni ni njia ya hakimu kabisa.

Tukaanza. Mwali haruhusiwi kupaza sauti, kwa hiyo shangazi ilimbidi akae ubavuni kwangu, sikio lake karibu na mdomo wangu, mikono inasuka ukili wa mkeka. Harufu ya mkindu mbichi, harufu ya masizi ya karatasi, na ugoro aliokuwa akiuweka chini ya mdomo. Nilisoma kwa kidole. Nilipotaja ng'ombe akanikatiza, akauliza ni nchi gani hiyo mjane anafuga ng'ombe. Huku kwetu mbung'o angemmaliza kabla ya kuota pembe, sisi ng'ombe tunawaona wakipita kupelekwa mjini kuchinjwa. Nikamwambia sijui, shangazi, haikuandikwa. Akaguna. "Endelea."

Kesho yake akaja. Na kesho kutwa akaja. Nikasoma vile vile. Nikangoja aseme, haya, nimeridhika. Akainuka, akakunja ukili wake, akaenda. Siku iliyofuata jua lilipofika kwenye tundu, shangazi huyo mlangoni.

Mimi nikaona kesi bado inaendelea. Kwa akili yangu ya kitoto, alikuwa ananivizia. Akawa ananisimamisha katikati: "Pale penye mto, rudi." Nikajua ni mtego, anataka kuona kama nitasema mengine. Narudi penye mto, kidole kwenye kila neno. Wakati mwingine ananiuliza maswali ya ajabu. Yule mama alipolala njiani, alijifunika nini? Yule kipofu, alijuaje ndege wako upande gani? Mimi natafuta kwenye karatasi, sioni, najibu haikuandikwa. Anakasirika, anasema mtu gani huyo anaandika safari nzima anaacha kusema watu wamejifunika nini.

Siku moja mawingu yalipita na mstari wa mwanga ukakatika, nikaruka mahali. Nikaona mkono wake umesimama kusuka.

"Umeruka," akasema. "Pale anapokunywa maji kwa jani."

Nikafumba macho. Nikasema ndani ya nafsi yangu, leo ndiyo leo. Nikasubiri kunyang'anywa. Shangazi akaketi tu, anasubiri jua lirudi. Liliporudi nikasoma: yule mama akachuma jani la mgomba akalikunja, akanywa. Shangazi akaitikia kwa koo, taratibu, kama anayekunywa naye. Nami nikaona namna alivyo mkali, hata jani hasamehe.

Alianza kuja na vitu. Muhogo wa kuchemsha, karanga, siku nyingine kipande cha nazi na sukari guru. Nilidhani ni sehemu ya kunifunda. Mvua ilinyesha ile ya kuangusha mabua, akaja na ungo kichwani. Bibi akamkuta anakung'uta miguu mlangoni, akamwuliza, "Mwanangu, kesi gani hii isiyokwisha?" Shangazi akamjibu bila kumtazama kwamba mwali wa siku hizi haaminiki.

Sasa niseme jambo lililonitokea mimi, maana yeye nitamrudia. Kwa sababu ya kuogopa kukosea neno, nilikuwa nalitazama kila neno usoni. Na kitabu kikaanza kufunguka. Mara ya kwanza nilikimbilia ng'ombe. Nilitaka kujua tu yuko wapi. Sasa najua yuko wapi, sina haraka, basi naona vingine. Naona yule mtoto aliyelia penye mlima alikuwa na kidonda kisiginoni, kimeandikwa, nilipita bila kukiona. Naona yule mwanamke wa mtungi hakusema asante. Nikawa na jirani zangu humo ndani. Nikikichukua kitabu naingia kama unavyoingia nyumba ya shangazi yako, unajua kinu kiko wapi na mbwa gani anauma. Sikuwa tena mtu aliyefungiwa. Natoka kila siku, jua likifika tu, naenda na yule mama mpaka kwake, narudi.

Siku yenyewe ilikuwa kavu, upepo unaingiza vumbi. Shangazi alikuwa amefika kwenye ncha ya ukili, anaunganisha mkindu mpya. Mimi nasoma penye mto. Kitabu kinasema: akasikia ko, ko, ko nyuma ya vichaka, akadhani ni mtu anachonga mwiko. Nikaendelea. Penye mlima: akasikia ko, ko, akadhani ni mtu anatwanga. Nikaendelea mpaka penye mtama, wanafukuza ndege, yule kipofu anasema, nyuma yako kuna nini kinagonga? Na yule mama anajibu, ni ndege kigong'ota tu.

Shangazi akapiga kelele. Ndani ya nyumba ya mwali, sauti ile ya kuita ng'ambo ya bonde.

"Yuko nyuma!"

Ukili ukaruka. Bibi akaingia mbio na mchi mkononi, akijua ni nyoka. Mimi nikakikalia kitabu, nikaanza kuapa kwa kunong'ona kwamba sijabadilisha neno, shangazi, wallahi sijabadilisha, ndivyo kilivyo.

"Nani amesema umebadilisha? Mama, ng'ombe yuko nyuma yake. Tangu mwanzo yuko nyuma yake. Huyu mwanamke hageuki!"

Bibi akauliza ng'ombe gani. Shangazi hakuwa na nafasi naye. Alinishika bega akasema rudi mwanzo, pale anapoamka. Nikakitoa kitabu chini yangu. Ukurasa ule mweusi wa masizi, ambao siku zote niliusoma haraka kwa sababu ulinisumbua macho. Nikauinua kwenye mwanga. Na pale, yamekaa kimya, maneno machache tu: ng'ombe wake mwenye kengele ya mti shingoni.

Tukatazamana.

"Nenda mwisho," akasema, na sasa alikuwa ananong'ona kuliko mimi. Nikaenda mwisho. Ng'ombe amesimama mlangoni, anamtazama, na miguu yake ina udongo mwekundu.

Nilikuwa nimesoma udongo mwekundu mpaka ulimi umeota sugu, na sikuwahi kujiuliza ameutoa wapi. Udongo ule ulikuwa wa mlimani. Alipanda mlima naye. Alivuka mto naye. Kila alipouliza watu mmemwona ng'ombe wangu, ng'ombe alikuwa kichakani anamngoja amalize kuuliza.

Shangazi akaanza kucheka. Akaona ni nyumba ya mwali, akajijaza kanga mdomoni. Mimi nikajaza kaniki. Tulicheka tumelaliana, machozi yanatoka, mabega yanaruka, hakuna sauti. Bibi amesimama na mchi wake anatutazama kama watu waliokula muhogo mchungu.

Nilipopata pumzi nikamwuliza lile lililokuwa likinikaba msimu mzima. "Kwa hiyo, shangazi, kitabu hakichomwi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kichomwe na nani?"

Alikuwa amesahau. Ile kesi, lile jiko, barua, vyote alivisahau zamani, labda tangu siku ya jani la mgomba. Kumbe aliyekuwa anasoma kwa hofu ni mimi peke yangu. Mwenzangu alikuwa matembezini. Ndiyo sababu ya muhogo. Ndiyo sababu ya ungo kwenye mvua. Nikamwona upya shangazi yangu, kama tulivyomwona upya ng'ombe, na alikuwa pale pale ubavuni siku zote.

Kitabu hicho niliolewa nacho. Nilikisoma nikiwa na mtoto mgongoni, nikaona yule ng'ombe ana subira ya mama. Nilikisoma nilipofiwa na mume wangu, nikaona kitu ambacho sikukiona nikiwa mwali wala mke: yule mama aliporudi hapakuwa na mtu ndani wa kumwuliza umetoka wapi, alikuwa na ng'ombe tu, na ilitosha. Karatasi ni zile zile. Mchwa walikula kitabu nilipohamia huku Kibaha, lakini walikula karatasi. Vitabu vya Rehema navyo havikwenda kwa mama wa bagia. Viko chini ya kitanda changu, vinamngoja akue kidogo.

Basi, turudi kwa mwali: siku zikafika, nikatolewa nje. Ngoma ilianza tangu jana yake, nikapakwa mafuta mpaka nang'aa, shanga kiunoni, nikabebwa mabegani juu ya vichwa vya watu, macho chini kama inavyotakiwa. Jua lilinichoma macho. Nilikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Kesho yake nikakalishwa uani juu ya mkeka mpya, wanawake wakaja kumtazama mwali na kumtunza. Mkeka ule aliushona shangazi. Ulikuwa mpana hata bibi akauliza unataka kulaza harusi nzima. Ni ule ukili. Mto, mlima, mtama, vyote vilisukwa humo. Naweza kukuonyesha upande gani alikuwa akisuka tulipofika wapi.

Uani palipojaa, shangazi akanyamazisha watu. Akaniwekea kitabu mapajani. "Soma. Na leo utoe sauti."

Sikuwahi kukisoma kwa sauti. Nikakohoa. Sauti iliyotoka sikuijua, ilikuwa imekua gizani bila mimi kuiona. Nikaanza, na kitabu kile nilichokijua kama vidole vyangu kikawa kipya tena, kinatembea uani kwa miguu yake. Wanawake wakatulia. Waliokuwa wakipeta wakaweka ungo chini. Penye mto nikasoma ko, ko, ko nyuma ya vichaka, nikainua macho kuwatazama. Hakuna aliyeshtuka. Nikasoma penye mlima. Hakuna. Mmoja anamnyonyesha mtoto, mwingine anasema maskini mama wa watu, atampata wapi ng'ombe wake.

Nilishindwa kuvumilia. Nikafungua mdomo niwaambie. Shangazi Mwamvua akanifinya paja, chini ya kanga, mfinyo wa kutoa alama, akaleta mdomo sikioni kwangu kama mimi nilivyokuwa nikimfanyia yeye.

"Waache," akanong'ona. "Watasikia kesho."